Paka wa Sokoke

Kati ya Kilifi na Malindi umetanda msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi. Wataalamu huujia kutoka mbali kwa ajili ya bundi mdogo wa Sokoke, na kwa ajili ya sange mwenye makalio ya rangi ya dhahabu. Lakini mnyama aliyelipeleka jina la Sokoke hadi katika nyumba za watu wa Denmark na Marekani si bundi wala sange, ni paka.

Wagiriama humwita khadzonzo, na maana yake hufasiriwa kuwa mfano wa gome la mti. Atakayemtazama paka huyu ataona kwamba jina limempata barabara. Manyoya yake ni mafupi, yamelala juu ya ngozi, na chini yake hakuna sufi nyingi kama ile ya paka wa nchi za baridi. Rangi yake ni ya kahawia, na juu yake yamechorwa mabaka meusi yaliyojizungusha ubavuni. Tena ndani ya mabaka hayo zimetawanyika nywele nyeupe-nyeupe, hata weusi ukaonekana kama uliotobolewa. Akilala juu ya gogo kivulini, jicho laweza kumpita. Kiwiliwili chake ni chembamba, chenye misuli. Kichwa ni kidogo kwa kulinganisha na mwili. Masikio yamesimama, na macho huwa ya rangi ya kaharabu au ya kijani kibichi hafifu. Miguu ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele, kwa hiyo hutembea kama anayenyata kwa ncha za vidole.

Vitabu vingi vya wafugaji huandika kwamba paka huyu aligunduliwa mwaka 1978. Mwaka huo Bi Jeni Slater, mkazi wa pwani ya Kenya, alimkuta paka jike na watoto wake katika shamba lake la minazi. Mabaka yao yakamstaajabisha, akachukua wawili, dume na jike, akawafuga na kuwazalisha. Mwaka 1984 rafiki yake, Gloria Moeldrup, aliwapeleka wengine Denmark, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirikisho la vyama vya wafugaji paka la Ulaya likawakubali kuwa aina kamili. Kazi ya mabibi hao haina budi kusifiwa. Hata hivyo neno kugundua halifai hapa. Mnyama aliyekwisha kupewa jina na wenyeji wake hagunduliwi, husajiliwa tu.

Swali gumu zaidi ni la asili yake. Hapo kwanza wengi walipenda kuamini kwamba huyu ni mnyama wa mwitu, aliyezaliwa na msitu wenyewe. Ni hadithi ya kupendeza, lakini si ya kweli. Katika miaka ya 2000, wataalamu wa urithi wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipima damu na mate ya paka wa nchi nyingi. Wakaona kwamba paka wa Sokoke ni ndugu wa paka wanaozurura katika vichochoro vya Lamu na Pate, na kwamba nasaba yao yaelekea Asia.

Wala jambo hili halipaswi kumshangaza ajuaye historia ya pwani yetu. Kwa zaidi ya miaka 1,000 majahazi yamekuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na penye shehena ya nafaka pana panya, na penye panya nahodha huhitaji paka. Waliposhuka bandarini, wengine wakabaki mjini, wengine wakafuata mashamba hata ukingoni mwa msitu.

Mabaka yenyewe yana ushahidi wake. Paka wa mwitu wa Afrika, aliye babu wa paka wote wa nyumbani, ana mistari, hana mabaka ya mzunguko. Mwaka 2012 wataalamu walieleza kwamba mabaka hayo huletwa na badiliko katika jeni moja, na mtoto hana budi kulirithi kwa baba na kwa mama pia ndipo lionekane. Jeni hiyohiyo, ikiharibika katika duma, humzaa yule duma adimu mwenye mistari minene mgongoni.

Huko Ulaya watoto wa wale paka wachache waliosafirishwa walioana wao kwa wao, na damu ikawa nyembamba. Kwa sababu hiyo mwanzoni mwa karne hii wafugaji walirudi Kenya kutafuta paka wengine wenye mabaka yale, wakawachukua kwenda kuchanganya na wa kwanza. Vyeti vya nasaba vilikuwa Ulaya, lakini damu mpya ilipatikana pwani.