Barbara Castle

Barbara Anne Castle (6 Oktoba 1910 – 3 Mei 2002) alikuwa mwanasiasa wa Uingereza, mbunge wa mji wa Blackburn kwa tiketi ya chama cha Labour kuanzia 1945 hadi 1979.

Bungeni alipinga vikali ukatili wa serikali ya kikoloni nchini Kenya. Mwaka 1955 alisafiri huko kuchunguza kifo cha Kamau Kichina, mahabusu aliyepigwa hadi kufa mikononi mwa polisi. Wafungwa 11 walipouawa kwa kipigo katika kambi ya Hola, Machi 1959, alikuwa miongoni mwa wabunge walioibana serikali iwajibike.

Mwaka 1964 alikuwa waziri wa kwanza wa maendeleo ya ng'ambo. Akiwa waziri wa uchukuzi (1965–1968) alianzisha upimaji wa ulevi kwa madereva. Mpango wake wa 1969 wa kudhibiti migomo uligonga mwamba, kwa kupingwa na vyama vya wafanyakazi na wabunge wenzake. Kazi yake kubwa zaidi ni Sheria ya Malipo Sawa ya 1970, iliyofuatia mgomo wa wanawake washonaji wa kiwanda cha Ford, Dagenham, mwaka 1968. Sheria ya 1975 aliyoisimamia iliweka posho ya watoto mikononi mwa mama.

Baadaye aliketi katika Bunge la Ulaya (1979–1989), na kuanzia 1990 katika Bunge la Malodi, alikotetea pensheni za wazee.