Kifurushi Kisichofika: Usambazaji wa Programu za Lugha za Skripti Afrika Mashariki, Ukitazamwa kutoka Singe, Babati

Historia ya programu za kompyuta katika Afrika Mashariki imezoeleka kuandikwa kutoka Nairobi na Dar es Salaam, yaani mahali zilikobuniwa au kusimamiwa, na si kutoka mahali zilikokusudiwa kutumika. Makala haya yanaligeuza swali. Yanauliza ni kwa njia gani programu iliyoandikwa kwa lugha ya skripti, kama vile PHP au Python, ingeweza kuifikia kata kama Singe, katika mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara. Inadaiwa hapa kwamba kile kilichoitwa usambazaji kilikuwa, mara nyingi, uamuzi wa kutosambaza, na kwamba uamuzi huo umeathiri kumbukumbu ambazo mwanahistoria anaweza kuzipata leo.

Ugumu wenyewe ni wa kiufundi kwanza. Programu ya skripti husafiri ikiwa maandishi matupu. Huko iendako lazima ikute kifasiri, yaani programu nyingine inayoyasoma maandishi hayo na kuyatekeleza, pamoja na maktaba za msimbo za matoleo yanayopatana nayo. Python ilitolewa mwaka 1991. Hazina yake ya vifurushi, PyPI, ilianza mwaka 2003, na chombo cha kusakinishia, pip, mwaka 2008. Vyombo hivi vilijengwa juu ya dhana kwamba mpokeaji yumo mtandaoni wakati anaposakinisha. Waya wa SEACOM wa chini ya bahari ulianza kutoa huduma katika pwani yetu Julai 2009. Kabla ya hapo tegemeo kuu lilikuwa setilaiti, kwa gharama ambayo ofisi ndogo isingeimudu.

Ushahidi, iliyozaliwa Kenya Januari 2008 baada ya vurugu za uchaguzi, iliukwepa ugumu huo kwa kuchagua PHP. Kompyuta nyingi za kukodi za kuhifadhia tovuti tayari zilikuwa na kifasiri cha PHP na hifadhidata ya MySQL, hivyo aliyetaka nakala yake alipakua folda, akaipandisha na kujaza fomu ya usakinishaji. Novemba 2008 jukwaa lililoandikwa upya lilitumika kwa habari za Kongo mashariki. Hata hivyo, urahisi huo ulikuwa wa mtu aliyezoea kuendesha seva. Agosti 2010 wasimamizi wake walifungua Crowdmap, ambamo mtumiaji hakusakinisha chochote. Waandishi wengi huisifu hatua hiyo kama kupanua fursa. Ilikuwa hivyo, lakini nakala nayo ilibaki mikononi mwa mwenye seva.

Mfano ulio karibu zaidi na zahanati za Tanzania ni ILSGateway, mfumo wa taarifa za dawa uliojengwa juu ya RapidSMS, jukwaa la Python lililoanzishwa na UNICEF. Shirika la John Snow liliusimamia pamoja na Wizara ya Afya, kwa fedha za Marekani. Hapa hakuna kifurushi kilichopelekwa kituoni. Python, maktaba zake na hifadhidata vilikaa kwenye seva. Kilichosafiri ni ujumbe mfupi wa simu. Mhudumu aliandika neno «hmk», kisha alama ya kila dawa na idadi iliyopo stoo. Fomu ya maombi ikishapelekwa wilayani alijibu «nimetuma»; mzigo wa Bohari ya Dawa ukifika, «nimepokea». Maneno hayo ya Kiswahili yamo ndani ya msimbo wenyewe kama amri, jambo ambalo wasomi wa isimu hawajalipa uzito unaostahili. Kwa mantiki hiyo, zahanati ya Singe isingehitaji kompyuta wala fundi ili iwe sehemu ya mfumo wa Python. Simu ya kitochi ilitosha.

Njia ya tatu ni kubeba kila kitu. KA Lite ya mwaka 2012, na mrithi wake Kolibri, zote za Python, zilikusudiwa shule zisizo na intaneti. Waundaji walizifunga maktaba tegemezi ndani ya kifurushi kilekile, na kisakinishi cha Windows kikabeba hata kifasiri. Kifurushi kilikuwa kizito, na masomo ya video yalikizidi uzito mara nyingi, lakini kingeweza kuhamishwa kwa diski kutoka shule moja hadi nyingine bila kuomba ruhusa ya seva yoyote.

Tofauti hii ina uzito kwa mtafiti wa nyaraka. Shule iliyopokea Kolibri inaweza kuwa bado na diski yenye toleo lililotumika, hata kama limepitwa na wakati. Zahanati iliyotuma «hmk» kwa miaka kadhaa haikubaki na programu, na huenda hata simu iliyotumika ilikuwa ya mhudumu mwenyewe, ambaye amekwisha kuhamishwa kituo. Msimbo wa ILSGateway ulikuwa huria na uliwekwa hadharani mtandaoni. Lakini ujumbe uliotumwa, makosa ya tahajia yaliyokataliwa na mfumo, na siku ambazo majibu hayakuja, vilihifadhiwa katika seva na si katika makabati ya halmashauri. Kwa hiyo anayetaka kuandika historia ya uhaba wa dawa katika vituo vya Babati kwa kutumia ushahidi huo atapaswa kuanza kwa kuomba kibali cha kuisoma hifadhidata ambayo vituo hivyo vilichangia na havikuwahi kuishika.