Ubunifu wa mitindo kidijitali (Frere Town)
Ubunifu wa mitindo kidijitali ni kazi ya kuchora nguo na vitambaa kwa kompyuta kabla ya kukatwa. Huko Frere Town, kando ya Kisauni mjini Mombasa, makazi ya shirika la wamisionari la CMS ya miaka ya 1870 kwa waliokombolewa utumwani, msingi wa karibu wa kazi hii ni kanga. Pindo (ukingo wake), mji (sehemu ya kati) na jina (maneno yake) ni mpangilio ambao programu ya kuchorea huumudu bila taabu. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, yenye chapa ya kanga ya Mali ya Abdulla, ni mfano mkongwe wa mchoro kugeuzwa biashara. Wapo wanaohofu kompyuta itamnyima fundi riziki. Lakini programu huiga mwanguko wa kitambaa kwa vipimo inavyopewa, na vipimo sahihi hutoka kwa fundi. Kwa hiyo anayeanza kazi hii na ajifunze cherehani kwanza.