Makadirio ya Mahitaji ya Umeme na Historia ya Fizi na Baraka

Elimu ya kukadiria mahitaji ya umeme ina umri unaokaribia ule wa umeme wenyewe. Kwa kuwa ni vigumu kuuweka umeme akiba kwa wingi, tangu mwisho wa karne ya 19 wahandisi waliandika matumizi ya kila saa ili wakijue kilele chake kabla hakijafika. Siku hizi, katika mitandao yenye mita zinazotuma taarifa zenyewe, kazi hiyo hufanywa na kompyuta. Hata hivyo, msingi wake haukubadilika: mahitaji ya kesho hupimwa kwa kumbukumbu za jana.

Historia ya Fizi na Baraka yaonyesha udhaifu wa msingi huo. Kusini ya Fizi, kwenye mto Kyimbi huko Bendera, Wabelgiji walijenga kituo cha umeme wa maji katika miaka ya 1950. Umeme wake ulielekezwa Albertville, yaani Kalemie ya leo, mji wa bandari na reli. Mwishoni mwa Juni 1965, wapiganaji waliotoka ngome za Fizi, wakiwamo Wakuba wa Ernesto Che Guevara, waliishambulia kambi iliyokilinda kituo hicho, wakashindwa. Hivyo mtambo huo uliingia katika historia ya Fizi kwa njia ya vita.

Jambo la namna hiyo lilitokea kwa kipimo kikubwa zaidi ulipojengwa mstari wa takriban kilomita 1,700 kutoka Inga hadi Kolwezi, uliokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ulipita juu ya vijiji vingi bila kuvihudumia, kwani ulikusudiwa migodi ya shaba, ambayo mahitaji yake yalijulikana kwa tarakimu.

Pasipo waya hapana mita, na pasipo mita hapana kumbukumbu. Hesabu ikikuta sifuri, huisoma kuwa hakuna mahitaji. Aidha, kuanzia mwaka 2005 wakimbizi walirejeshwa Baraka kutoka Tanzania kwa meli. Ongezeko la watu wa namna hiyo halikadiriki kwa asilimia moja ya kila mwaka.

Sheria ya tarehe 17 Juni 2014 iliwafungulia wengine sekta iliyokuwa mikononi mwa SNEL, shirika la taifa lililoundwa mwaka 1970. Atakayepima mahitaji ya Baraka hana budi kuanzia kwenye mafuta ya jenereta, mashine za kusaga na taa za wavuvi, kwa maana huko ndiko mahitaji hayo yalikoandikwa.