Nani Mwenye Rangi, Nani Mwenye Nakshi?

Ukiitandaza kanga kuukuu iliyotoka kwa Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa, utasoma ukingoni mwake maneno madogo: "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Mwanafunzi ayasomaye kwa mara ya kwanza huuliza: mama aliyeinunua kanga ile kwa fedha yake, alikuwa akivaa mali ya mtu mwingine? Maneno yale yalikuwa alama ya kuitambulisha bidhaa ya mfanyabiashara. Hata hivyo swali la mwanafunzi si la kupuuzwa. Leo twafundisha vijana wanaochora kwa kompyuta, na kila siku wanachukua picha, nakshi na rangi za wengine bila ya kujua mipaka. Makala haya yanakusudia kuionyesha mipaka hiyo kwa njia ya historia ya nguo.

Yafaa tuanze Uingereza. Mwaka 1710 nchi hiyo ilitia nguvuni sheria iliyompa mtungaji wa kitabu kipya haki ya kukichapisha kwa miaka 14, na miaka 14 mingine iwapo angali hai. Wachoraji hawakutajwa. Mwaka 1735, baada ya William Hogarth na wenzake kulalamika kwamba picha zao zilikuwa zikiigwa na kuuzwa kwa bei ya chini, wachora picha za kuchapwa nao walipewa miaka 14. Wachora nakshi za nguo waliendelea kungoja. Miongoni mwao alikuwa William Kilburn, mzaliwa wa Dublin, aliyekuwa na kiwanda cha kuchapa vitambaa karibu na London. Maua aliyoyachora kwa uangalifu mkubwa yaliigwa na wenye viwanda wengine, yakauzwa kwa bei nafuu kabla yeye hajapata faida ya jasho lake. Malalamiko ya watu wa namna yake yalizaa sheria ya mwaka 1787. Nayo ilimpa mwenye nakshi mpya ulinzi wa miezi miwili tu! Mwaka 1794 ikawa miezi mitatu. Ulinzi ulikuwa mfupi, lakini msingi ulikuwa umewekwa: anayekinunua kitambaa hainunui haki ya kuichapa nakshi yake.

Msingi huo ulienea. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 uliyafanya mataifa yaheshimu kazi za watungaji wa nchi nyingine, na marekebisho ya mwaka 1908 yakaondoa sharti la kuandikisha kazi ndipo ilindwe. Katika nchi zetu, sheria za Tanzania (1999), Kenya (2001) na Uganda (2006) zinailinda kazi ya sanaa kwa maisha ya mtungaji na miaka 50 baada ya kufa kwake.

Sasa tuirudie kanga, tuipime sehemu kwa sehemu. Mpango wa pindo, mji na jina ni urithi wa wote. Methali iliyoandikwa juu yake, mathalani "Wema hauozi", ni ya wote pia. Kilicho cha mtu mmoja ni mchoro wenyewe: jinsi alivyoikunja mizabibu ya pindo, alivyoyapanga maua ya mji, alivyoiweka nafasi kati ya umbo na umbo. Wazo halina mwenyewe. Umbo alilolipa mtu wazo hilo lina mwenyewe.

Na rangi je? Hakimiliki haimpi mtu rangi tupu. Wala elimu ya rangi haina mwenyewe. Mwaka 1824 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliwekwa kusimamia utiaji rangi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, kinachofuma vitambaa vya picha vya kutundikwa ukutani. Alikuta malalamiko kwamba rangi nyeusi ilikuwa dhaifu. Alipoichunguza aliona kuwa haikuwa na kasoro. Rangi zilizokaa kando yake ndizo zilizolidanganya jicho. Mwaka 1839 alikichapisha kitabu chake juu ya jambo hilo, na tangu hapo kila mchoraji ni mrithi wake.

Moyo nao huihukumu rangi kwa jirani zake, yaani kwa desturi. Nyeupe ni vazi la bibi arusi huko Ulaya, hasa tangu Malkia Victoria alipolivaa mwaka 1840. Kwa Mwislamu wa pwani nyeupe ni sanda pia. Kisutu cha arusi kina nyekundu, nyeusi na nyeupe, na hakuna anayeiona nyeusi ile kuwa ya msiba. Kwa hiyo mwalimu asikubali kanuni isemayo kwamba nyekundu daima ni hatari au hasira. Amwulize kwanza mwanafunzi: ni kwa nani, na kando ya nini?

Tahadhari moja yapasa kutolewa. Rangi huweza kuwa alama ya biashara. Mwaka 1995 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, katika kesi ya Qualitex, iliamua kwamba kijani chenye udhahabu cha pedi za mashine za kupigia pasi kingeweza kusajiliwa hivyo. Lakini hilo huwazuia washindani wasiwachanganye wanunuzi. Halimkatazi mtoto kuchora jani.

Basi jibu la swali letu ni hili: kanga ni ya mama aliyeinunua, rangi na methali ni za umma, nakshi ni ya aliyeichora au aliyepewa haki yake kihalali. Lakini tukiitazama tena kanga ile, tunaliona jina la Abdulla, hatulioni la mchoraji. Mkono uliolikunja pindo lile umesahauliwa. Walimu wenzangu, tusiiendeleze dhuluma hiyo darasani. Mwanafunzi atakapoleta kazi yenye picha ya mwingine, aombe ruhusa panapohitajika, na chini yake aandike jina la aliyeichora. Kisha aandike na lake kwa alichokiongeza.