Ghafi, Si Mbichi

Jina "picha mbichi" limeanza kuzoeleka, na hilo ndilo linalomkera mwandishi wa makala haya. Kila kamera mpya inapoingia sokoni, wafasiri hulibandika jina hilo faili la RAW, yaani data ya kihisi ambayo kamera haijaichakata, kisha huongeza "programu ya uchakataji wa taswira mbichi", maneno ambayo hakuna mpiga picha wa harusi, Kariakoo wala River Road, aliyewahi kuyatamka. Ni lugha ya kikao cha kamati, iliyopitishwa kabla ya chai.

Tuanze na -bichi. Ni mzizi wa Kibantu wa kale: Kiganda na Kinyarwanda vina -bisi, Kishona kina mbishi. Kwetu hutajwa nyama isiyopikwa, embe lisiloiva, kuni zenye maji. Kibichi hukauka, huiva, hupikwa au huoza. Faili la NEF, yaani RAW ya Nikon, haliivi wala halichachi. Liache kwenye diski miaka kumi, utalikuta vilevile.

Ghafi ni habari nyingine. Msimu wa minada ukifika Mtwara na Lindi, magazeti huandika korosho ghafi: iliyokauka, ingali ndani ya ganda, inayosubiri kubanguliwa. Korosho mbichi ni ile ya kijani iliyo bado mtini. Mkulima hachanganyi hayo mawili. Wataalamu wetu wamechanganya.

Tena ghafi lina maana ya pili, ambayo wanakamati hawakuigusa kabisa: uzito ghafi, mapato ghafi, mshahara ghafi. Yaani jumla kabla ya makato. RAW ni hivyo hasa. Kihisi cha kamera kikirekodi kwa biti 14, kila nukta inaweza kubeba viwango 16,384 vya mwanga. JPEG ya biti 8 hubakiza 256 kwa kila rangi. Kamera imeshakata, na kilichokatwa hakirudi. Neno letu moja linabeba mali inayosubiri kiwanda na hesabu isiyoguswa, mzigo ambao Kiingereza huugawa kwa maneno mawili.

Hata hilo "picha" lina walakini. Tangu Bryce Bayer wa Kodak apate hataza yake mwaka 1976, vihisi vingi hufunikwa kwa vichujio vidogo: nusu kijani, robo nyekundu, robo buluu. Kila nukta huona rangi moja tu. Mbili zinazokosekana hukisiwa na programu. Ukilitazama faili hilo kabla halijasawazishwa, unaona giza lenye ukijani. Mpinzani mmoja wa hoja hii aliwahi kudai kwamba ukijani huo ndio ushahidi wa "mbichi", kwa kuwa tunasema kijani kibichi. Utani mzuri, lakini si hoja. Kisichokuwa picha bado kisiitwe picha: kiitwe ghafi, basi. Tuseme: "Kamera imetoa ghafi mbili." "Ghafi hii ni nzito." Pendekezo hilo liliwasilishwa panapohusika kwa heshima zote, na majibu yangali yanasubiriwa.

Kazi inayofuata nayo ina jina lake tayari. Enzi za filamu, watu walipeleka mkanda studio ukasafishwe, na picha "zilisafishwa" bila kamati yoyote kuketi. Programu za leo zinafanya kazi ileile pasipo chumba cha giza. Ni programu za kusafishia ghafi.

Kuhusu ipi ichaguliwe, kwa ufupi: Lightroom hulipiwa ada ya kila mwezi au mwaka, darktable na RawTherapee ni bure. Canon hutoa Digital Photo Professional, na Nikon hutoa NX Studio, bila malipo, ila kila moja husafisha ghafi za kampuni yake tu. Kamera ikiwa mpya mno, toleo la zamani la programu halitaifungua ghafi yake, kama ilivyokuwa kwa muundo wa CR3 uliokuja na Canon EOS M50 mwaka 2018. Hapo husasishwa programu, au ghafi hugeuzwa kuwa ya muundo wa DNG kwa kigeuzi cha bure cha Adobe.

Wahariri wa kurasa za teknolojia hawana haja ya kungoja kikao kingine. Waandike ghafi, waandike kusafisha, na "taswira mbichi" waiachie kamati iliyoitunga.