Takrima: Miaka 20 tangu mahakama iwanyime wagombea kisingizio cha ukarimu

Aprili 24, 2006 Mahakama Kuu ilifuta takrima, yaani ukarimu wa wagombea kwa wapiga kura, katika Sheria ya Taifa ya Uchaguzi. Tarime na Serengeti zina kila sababu ya kuikumbuka siku hiyo, kwa kuwa ugomvi mkubwa wa kwanza kuhusu fedha za kampeni katika enzi ya vyama vingi ulizuka hapa hapa mkoani Mara.

Vyama vingi vilirejea mwaka 1992. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilikuta takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wakitaka chama kimoja kiendelee, lakini mageuzi yakapita. Wananchi waliulizwa na tume; karatasi ya kura hawakupewa.

Mwaka 1995, katika Jimbo la Bunda linalopakana na Serengeti, walikutana wanaume wawili wasiohitaji kutambulishwa. Joseph Sinde Warioba wa CCM alikuwa mwanasheria, Mwanasheria Mkuu wa zamani na Waziri Mkuu wa 1985 hadi 1990. Stephen Wassira, aliyewahi kushinda ubunge wa Mwibara mwaka 1970 akiwa kijana mbichi, alikuwa amehamia NCCR-Mageuzi. Kura zilipohesabiwa, Waziri Mkuu mstaafu alikuwa chini.

Warioba hakukubali yaishe. Alifungua kesi Mahakama Kuu, Mwanza, akidai mshindi alitoa rushwa, na ushindi ukatenguliwa. Bado hakuridhika. Mwaka 1997 suala likafika Mahakama ya Rufani: rushwa ikishathibitika, je, inatosha kumvua mtu ubunge tu? Mahakama ikaona haitoshi. Jina la mhusika lazima lipelekwe kwa Mkurugenzi wa Uchaguzi ili sheria ifuate mkondo wake. Wakati kesi ikiendelea, Rais Benjamin Mkapa alikuwa amempa Warioba tume ya kuchunguza rushwa nchini. Ripoti yake ya 1996 haikuuacha uchaguzi nje.

Kwa mwanasiasa yeyote somo lilikuwa wazi: ukinunua kura, unaweza kuumia. Lakini mwaka 2000, miezi kabla ya uchaguzi, Bunge lilipitisha marekebisho yaliyoingiza vifungu vidogo viwili vipya katika kifungu cha 119. Ukarimu wa kawaida au wa kimila, ukifanywa kwa nia njema, usihesabiwe rushwa. Gharama za kawaida za kampeni nazo vivyo hivyo.

Ukarimu hapa kwetu haufundishwi na Bunge. Mgeni akifika anachinjiwa mbuzi, kichuri kinaandaliwa, na nyama inagawanywa kwa kufuata umri na heshima. Ila mwenyeji ndiye anayechinja. Mgombea anayekuja na mbuzi wake kwenye boma la watu, wiki moja kabla ya kupiga kura, hana mila ya kuegemea. Sheria ile ilichukua desturi ya maskini ikaifanya mwavuli wa matajiri.

Mashirika matatu yalikwenda mahakamani kuipinga: Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LEAT ya wanasheria wa mazingira na NOLA ya msaada wa kisheria. Mwaka 2006 majaji walikubaliana nayo. Vifungu vile viliwabagua wagombea wasio na fedha, kinyume cha ibara ya 13 na ya 21 za Katiba, na havikuweka mpaka kati ya ukarimu na hongo. Hukumu hiyo bado inasomeka kana kwamba imeandikwa jana.

Yaliyofuata ni mafupi. Mwaka 2008, baada ya kifo cha Mbunge Chacha Wangwe, Tarime ilifanya uchaguzi mdogo na Chadema ikakitetea kiti chake. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, inayoweka ukomo wa matumizi na kutaka taarifa za fedha. Kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa, iliyopangwa Aprili 30, 2015, iliahirishwa na haijafanyika hadi leo. Serengeti, mwaka 2018, Marwa Ryoba Chacha alihama Chadema, akagombea tena kupitia CCM na kupita bila kupingwa.

Leo Wassira, aliyerejea CCM, ni Makamu Mwenyekiti wa chama hicho Bara, na John Heche wa Tarime anashika nafasi kama hiyo Chadema. Mkoa umewatoa wote wawili, na ni fahari yetu. Fahari hiyo haifuti aibu moja: tangu 1992 kanuni za uchaguzi na fedha zake zimebadilishwa mara nyingi, na hakuna hata mara moja mkulima wa Nyamongo au mfugaji wa Mugumu aliyepewa karatasi aandike ndiyo au hapana. Zanzibar walipewa yao mwaka 2010, wakaamua kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa. Sisi wa Bara tumebaki na mahakama, nayo haiendi kwa asiye na wakili. Marekebisho yajayo yaletwe kwetu kwanza.